Subirini Maji Yapungue

Wapendwa, leo twende mbali kidogo, Marekani ya zamani, kule mpakani ambako watu walikuwa ndiyo kwanza wanafyeka mapori, na mtu aliuzwa kama ng'ombe. Mkulima mmoja alikuwa na shamba kando ya mto. Upande wake utumwa ulikuwa sheria, ng'ambo haukuwepo. Mkulima huyu aliuchukia utumwa kwa moyo wote, na waliotoroka walijua kwamba ana mtumbwi.

Siku moja wakafika mume na mke, miguu imewavimba. Akawapa uji, akawaficha ghalani. Lakini mvua zilikuwa kubwa na mto umefurika.

"Subirini maji yapungue," akawaambia. "Nitawavusha mwenyewe."

Wakasubiri. Na kwa kuwa hawakuwa watu wa kula bure, wakaanza kumsaidia kuvuna, wamejificha katikati ya mahindi marefu. Mkulima hakuwaomba. Lakini alikuwa mjane, mgongo unamsumbua, na mahindi yalikuwa yanaanza kuoza shambani. Alipoona kazi inavyokwenda, akamshukuru Mungu.

Maji yakapungua. Mkulima aliyaona, maana ni yeye tu aliyeshuka mtoni. Aliporudi akamkuta yule mwanamke anapukuchua mahindi.

"Mto ukoje leo?" mwanamke akauliza.

"Bado kidogo, dada. Bado mkali."

Jamani, aliwachukia? Hapana. Jioni ile aliwaongezea nyama. Alisema moyoni: tumalize tu upande huu wa shamba, kisha niwavushe. Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo?

Upande ule haujaisha, wawindaji wa watumwa wakaja na mbwa. Mume alipigwa mpaka akashindwa kusimama. Mkulima alilia, akawasihi, wakamsukuma pembeni. Wakati wanawafunga kamba, mmoja wao akasema, "Tuna bahati. Mto unavukika tangu wiki iliyopita. Tulidhani wameshakwenda."

Yule mwanamke akamgeukia mkulima. Hakumtukana. Alimuuliza tu, "Ni kweli?"

Mkulima akatazama chini. Wakaondoka nao, na hakuna aliyepata habari zao tena.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba mkulima yule alikuwa mtu mbaya. Siwezi. Yule ni sisi. Yule binti anayeosha vyombo nyumbani kwako, hukumwahidi mama yake kwamba utampeleka shule? Kila Januari unamwambia nini? Ngoja mtoto aache kunyonya. Ngoja tumalize kujenga. Naye anakuamini, kwa sababu humpigi, kwa sababu anakula mezani kwako, kwa sababu kila Jumapili anakuona unakuja hapa. Umri wake wa shule unapita, na wewe ndiye pekee unayeshuka mtoni.

Leo sina neno la kuwafariji. Nendeni nyumbani. Yeye ndiye atakayewafungulia mlango.