Mpira Kwenye Mkono wa Breki

Soma hii taratibu, kisha mpelekee yeyote unayemjua anayefanya kazi na mashine.

Mjini Lushoto palikuwa na mama mmoja, Mama Shekiango, aliyekuwa na kazi ya kukata nyasi kwenye viwanja vya shule na makanisa. Magoti yalipoanza kumsumbua, aliamua kumkabidhi mtu mmoja usimamizi wa mashine zake zote za kukatia nyasi. Wafanyakazi wake wawili, Hozza na Singano, wote waliitaka nafasi hiyo.

Akampa kila mmoja mashine iliyochakaa. Aliwaambia waitengeneze, kisha kila mtu akate nusu ya uwanja wa shule, uwanja wenye mteremko.

Mashine hizo zina mkono mdogo wa chuma kwenye mpini. Ukiushika, kisu kinazunguka. Ukiuachia, breki inakamata na kisu kinasimama. Lakini waya wa breki ulikuwa umelegea kwenye zote mbili, mkono ukilegezwa kidogo tu breki inakamata, injini ikawa inazimika hovyo.

Hozza alinoa kisu harakaharaka. Mkono wa breki akaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, injini isizimike tena, akaanza kukata.

Singano alichomoa kwanza waya wa plagi, mashine isije ikawaka mikono yake ikiwa chini. Akafungua kisu, akakinoa pande zote mbili, akakitundika kwenye msumari kuona kama kimelalia upande mmoja. Kilikuwa sawa. Akakirudisha, akakaza boliti, kisha akaenda dukani kutafuta waya mpya wa breki.

Aliporudi, Hozza alimcheka. "Wenzako tunakata nyasi, wewe unazibembeleza?"

Kufika mchana Hozza alikuwa amemaliza. Singano ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Waliokuwa wakitazama wakasema mshindi ameshajulikana.

Singano naye alipomaliza, Mama Shekiango akauzunguka uwanja, akasifu kazi ya Hozza. Kisha akasema, "Bado nyuma ya madarasa. Badilishaneni mashine."

Singano akashika mpini wa mashine ya Hozza. Hozza akamwahi mkono.

"Ngoja, ndugu yangu. Usiiwashe hiyo. Ukiteleza haisimami, nimeifunga mpira."

Mama Shekiango akamtazama bila hasira. "Mbona wewe umeisukuma tangu asubuhi?"

"Mimi nimeshaizoea, Mama."

"Na kisu nacho kimekuzoea?"

Hozza aliinama, akachomoa kwanza waya wa plagi, ndipo akaukata ule mpira.

Ufunguo wa stoo ya mashine, pamoja na usimamizi, ulikwenda kwa Singano. Hozza hakufukuzwa. Mama alisema mtu anayemwahi mwenzake namna ile anafundishika, akamtuma dukani akanunue waya wa breki.

Funzo: Hatari haipungui kwa sababu umeizoea. Lile unaloogopa limpate mwenzako, ogopa likupate na wewe.