Mmea Uliokaushwa Vizuri

Anayetaka hadithi ya kumbembeleza alale, aende kwa jirani. Yangu ni ya kuwagombanisha. Nikimaliza nataka jibu, na mtu asiniambie "inategemea".

Katika milima ya Taita kulikuwa na chama cha wapenda mimea. Hakikuwa chama tajiri. Kilikuwa na chumba kimoja, kabati zilizojaa mimea mikavu, na mwenyekiti aliyeitwa Mwalimu Wakesho, mama mwenye sauti ya upole na methali moja aliyoipenda kuliko zote: kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mwaka chama kiliwachukua vijana waliomaliza shule wakakwama nyumbani, kikawafundisha, kikawaazima vifaa na kuwapeleka msituni. Na kila mwaka kilikuwa na kiti kimoja, yaani udhamini wa kijana mmoja kwenda chuo kikuu kusomea mimea. Kiti kilikuwa cha atakayeleta mmea usiokuwamo kabatini.

Mwaka ninaousema walikuwako vijana watatu. Mkawasi alikuwa na macho. Jani geni lilimwita kwa jina, hata likijificha kati ya majani elfu. Nyambu alikuwa na miguu, na hakuna jabali lililomshinda, liwe kavu au la utelezi. Mwadime alikuwa na mikono. Mmea aliokausha yeye haukukunjamana wala kupoteza rangi, ungedhani umelala tu. Wote watatu hawakuwa na karo. Bila kiti kile, masomo yao yalikuwa yameishia pale.

Kabla hawajatoka, Mwalimu Wakesho aliwapa maagizo mawili. La kwanza lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: lete mmea mzima, na mizizi yake, na ua lake, na mbegu zake. La pili alilisema kwa mdomo, watu wakiwa wameshainuka kwenda kula.

"Na wanangu, mkiukuta uko mmoja tu, uacheni."

"Sawa, Mwalimu," wakaitikia wote.

Mkawasi ndiye aliyeuona. Walikuwa wamezunguka msituni hadi wakaanza kununiana, na wenzake wawili walishapita mahali pale bila kugeuza shingo. Yeye akasimama, akaonyesha ufa juu ya jabali, karibu na maji yanayotiririka. Kulikuwa na mmea mdogo wenye majani ya manyoya, ua moja la zambarau na maganda mawili ya mbegu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona mwingine.

"Uko peke yake?" Mwadime akauliza.

"Hauwezi kukosa ndugu huko juu," Mkawasi akajibu. Hakuwa na hakika, lakini alikitaka kiti.

Nyambu ndiye aliyeuleta. Jabali lilikuwa limeota ukoga wa kijani unaoteleza kama bamia, na chini yake mawe matupu. Alipanda kwa vidole na magoti, akafika mahali ambapo wenzake wasingefika hata kwa kusukumwa. Akiwa juu kabisa aliweza kuona upande wa pili wa jabali, nako hakukuwa na kitu. Akakumbuka maandishi ya mlangoni. Akauchokoa mmea taratibu, mzizi wote, hata uzi mmoja haukukatika.

Mwadime ndiye aliyeuokoa usioze. Mvua ilishuka, magazeti ya kukaushia yakalowa, na mimea yote mingine waliyochuma ikaota ukungu ikatupwa. Huu mmoja aliukeshea mwenyewe. Akabadilisha magazeti, akaubana tena kati ya mbao zake, akauweka karibu na jiko la makaa, akipuliza huku macho yanamtoka machozi kwa moshi. Alisikia mbegu zikichezacheza ndani ya maganda, zimekomaa, tayari kwa kupandwa. Alijua maana yake. Lakini mlango ulisema mmea mzima, naye akazikausha pamoja na mama yao.

Mwalimu Wakesho alifungua kabati zote, akapeleka picha kwa mabingwa wa mbali, na jibu likarudi kwamba mmea ule haujulikani popote duniani. Siku hiyo chama kilichinja mbuzi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mwalimu akasema, akifuta machozi ya furaha.

Ugomvi ukaanza kabla nyama haijaiva. Mkawasi alisema bila macho yake wangerudi mikono mitupu. Nyambu alisema macho hayapandi jabali. Mwadime alisema bila yeye wangeleta uozo kwenye gazeti. Wanachama wakagawanyika, na mwalimu akasema watulie kwanza, waende wote wakawatazame ndugu za mmea ule walio hai.

Wakaenda. Ufa ulikuwa mtupu. Wakatafuta jabali lile na majabali ya jirani, wakarudi mvua zilizofuata, wakatafuta tena. Hakuna. Mwalimu alizitoa zile mbegu kwenye maganda, akazipanda kwa mikono yake. Hazikuota hata moja. Zilikuwa zimeshaivishwa na jiko.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu aliwakuta bado wana mafuta ya mbuzi mdomoni.

Sasa maneno yakageuka. Mkawasi akasema yeye alitazama tu, na kutazama hakuui. Nyambu akasema alionyeshwa, tena alitii mlango. Mwadime akasema mmea ulimfikia umeshang'olewa. Wanachama wengine wakamgeukia mwalimu: kwa nini agizo la kuleta ulilibandika na onyo ukalisema watu wakienda kula? Mwalimu Wakesho ile methali yake hajaisema tena hadi leo.

Lakini kiti bado kipo. Asipopewa mtu, mfadhili anayekilipia atakichukua na wote watatu watarudi nyumbani. Atakayepewa ataandika habari za mmea ule kwa jina lake mwenyewe, pamoja na namna ulivyokwisha. Mwalimu aliwauliza mmoja mmoja kama yupo wa kujitoa. Kila mmoja aliikataa lawama. Hakuna aliyekikataa kiti.

Mmea wenyewe uko kabatini, na rangi yake haijafifia.

Haya, mmesikia. Aliyeona, aliyeng'oa, aliyekausha, na aliyeandika mlangoni. Kiti umpe nani, na lawama umtwike nani? Na ukimpa kiti mmoja na lawama mwingine, uniambie ni kwa haki gani. Je, wewe ungeamua vipi?