Mzee Kondoo na Moto wa Kipupwe

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa kuni!"

Kuni za nani?

"Za wote!"

Za nani? Semeni kwa sauti, maana ugomvi wote ulianzia hapo.

"Za wote!"

Haya. Sogeeni. Wewe Anyosisye, toa huo mgongo mbele ya jiko, joto hili si lako peke yako. Hadithi hii mimi huisimulia nikiwa na hasira tu, na leo ninayo, kwa hiyo tulieni.

Hapo zamani za kale, kule mlimani juu kabisa, wanyama wanne walikaa nyumba moja. Alikuwepo Kondoo dume, mnene, mwenye pembe zilizojikunja na sufu nzito kuliko blanketi la harusi. Alikuwepo Punda. Alikuwepo Panya na nduguze. Na alikuwepo Mama Kuku.

Kabla ya masika walikusanya kuni pamoja. Punda alibeba mizigo mpaka mgongo ukachubuka. Panya alikata kamba za kufungia. Mama Kuku aliokota vijiti kwa mdomo, kimoja kimoja. Na Kondoo je? Kondoo alisimama pembeni akisema, "Hapo, hapo, pangeni vizuri."

Kuni zikajaa chumba. Wakasema, tupate mtu wa kuzitunza, zisiungue ovyo. Wakamchagua nani? Kondoo! Eti ana pembe kubwa, eti anatembea polepole, basi ana busara. Ndivyo tulivyo. Mtu akitembea polepole tunasema ana busara, kumbe ameshiba tu.

Kondoo akalala mlangoni pa chumba cha kuni. Akasema, "Moto wa kipupwe utawashwa siku nitakayosema mimi." Wenzake wakapiga makofi. Naam, walipiga makofi!

Masika ikaisha, kipupwe kikaanza kunusanusa mlangoni. Na siku hizo hizo Mama Kuku alikuwa ametotoa vifaranga watano. Mnajua manyoya ya kifaranga yalivyo, hayazuii hata upepo wa dirishani. Moto uliobaki nyumbani ulikuwa kaa moja tu, ambalo Mama Kuku alilifukia kwenye majivu ya jiko lisizimike. Kuni za nje zilikuwa zimelowa, hazishiki. Akaenda kwa Kondoo, akaimba. Imbeni na mimi:

*Mzee Kondoo, mwenye joto,*
*Tupe kuni tuwashe moto,*
*Baridi yaua watoto.*

Kondoo akanyoosha shingo, akatoa pua nje ya mlango, akairudisha. "Baridi gani? Mbona mimi siisikii? Bado, Mama Kuku. Ngoja mpaka ukungu ushuke ufunike bonde, hapo tutajua kipupwe kimefika."

Mama Kuku akamtazama Punda. Punda akainamisha masikio, akasema, "Mzee keshasema."

Basi Mama Kuku akarudi, akawafunika wanawe kwa mbawa.

Ukungu ukashuka. Ukafunika bonde, ukafunika miti, ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Mama Kuku akakimbia kwa Kondoo. Haya, imbeni:

*Mzee Kondoo, mwenye joto,*
*Tupe kuni tuwashe moto,*
*Baridi yaua watoto.*

Kondoo akatoa pua nje, akairudisha. "Baridi gani? Mimi siisikii."

"Mzee, ulisema ukungu. Ukungu huu hapa!"

"Ukungu ni maji tu, Mama Kuku. Ngoja mpaka pumzi itoke mdomoni kama moshi. Kuni si za kuchezea. Tukiziwasha leo, kesho tutawasha nini?"

Mmemsikia? Ya kesho anayajua, ya leo hayajui! Na niwaambie kitu alichokificha: mwaka uliotangulia, kwenye nyumba nyingine, alibania kuni vile vile, na kipupwe kilipopita zilibaki rundo zima. Zilikwenda wapi? Zililiwa na mchwa. Mchwa walishiba, wenye nyumba walitetemeka. Huyo ndiye mtunzaji!

Mama Kuku akamtazama Punda. Punda akasema, "Mzee keshasema." Punda yule, ambaye teke lake moja lingemhamisha Kondoo mlangoni! Mgongo wake wenyewe, ule uliochubuka kwa kubeba kuni, ulikuwa unatetemeka.

Pumzi zikaanza kutoka kama moshi. Kila aliyefungua mdomo alitoa moshi. Vifaranga wakilia, vimoshi vidogo vinatoka. Wa mwisho kutotolewa, aliyeitwa Kitindamimba, akaacha kulia. Mama Kuku akamlaza juu ya majivu, pale lilipofukiwa lile kaa, kisha akakimbia mbio, ameanguka, ameinuka. Imbeni! Mbona sauti zimepungua? Imbeni:

*Mzee Kondoo, mwenye joto,*
*Tupe kuni tuwashe moto,*
*Baridi yaua watoto.*

Kondoo alikuwa anacheua. Akamaliza kucheua kwanza. Akatoa pua nje, akairudisha. "Baridi gani? Mimi siisikii kabisa. Pumzi ni pumzi. Ngoja mpaka umande ugande uwe mweupe juu ya majani, hapo nitawasha mwenyewe. Na wewe, Mama Kuku, umezidi kulalamika. Mbona Punda halalamiki?"

Mama Kuku akarudi jikoni. Kaa lilikuwa limezimika, na Kitindamimba alikuwa amelala juu ya majivu, hapumui.

Asubuhi yake umande ukaganda. Majani yote meupe. Kondoo akautazama, akasema, "Mh, ni mwembamba. Tungoje ugande vizuri." Akalala tena!

Jamani! Mimi nimeisimulia hadithi hii tangu meno yangu yote yalipokuwa mdomoni, na kila nikifika hapa natamani kuingia ndani ya hadithi nimshike zile pembe.

Mama Kuku hakwenda tena kuimba. Alimzika mwanawe nyuma ya nyumba. Panya akamkuta huko, akakaa naye. Kisha Panya akasema, "Mama Kuku, tumekosea mahali pa kupeleka maneno. Tunaimbia masikio, na yule anasikia baridi kwa ngozi. Sasa ngozi yenyewe haijawahi kuonana na baridi. Niachie mimi."

Jua la mchana lilipotoka, Panya akamwendea Kondoo kwa adabu zote. "Shikamoo, Mzee wetu."

"Marahaba."

"Mzee, unatuhangaikia sana, na hakuna hata mmoja anayekushukuru. Sufu yako imejaa kupe. Turuhusu mimi na ndugu zangu tukutoe kupe."

Lo! Mwenye cheo ukimsifu, hana haja ya kuuliza kitu. Kondoo akajinyoosha juani, akafumba macho, akasema, "Angalau wewe una akili. Anzia shingoni."

Panya wakaanzia shingoni. Kuru kuru kuru, wanakata sufu. Kondoo akakoroma. Kuru kuru kuru, mgongoni. Kuru kuru kuru, mbavuni. Walikata mpaka akabaki ngozi tupu, na sufu yote wakampelekea Mama Kuku. Vifaranga wanne wakazama humo, mpaka midomo tu ndiyo inaonekana. Iliyobaki wakamtandika Punda mgongoni.

Jua likapita, upepo ukashuka kutoka mlimani. Kondoo akaamka. Akatetemeka. Hajawahi kutetemeka, akadhani nyumba inaanguka.

"Mama weee! Nini hiki? Kitu gani kinaniuma mwili mzima?"

Panya akamwambia, "Hiyo ndiyo baridi, Mzee. Karibu."

"Washeni moto! Upesi, washeni moto!"

Panya akatoa pua nje ya mlango, akairudisha. "Baridi gani? Mbona sisi hatuisikii? Ngoja kwanza ukungu ushuke."

"Ukungu umeshashuka zamani!"

"Basi ngoja pumzi itoke kama moshi."

"Hii hapa, inatoka!"

"Basi ngoja umande ugande. Na ugande vizuri, Mzee, usiwe mwembamba."

Kondoo akaangusha machozi. Akasema, sikieni alivyosema, msije mkafikiri nimetunga: "Kwa nini hamkuniambia kwamba baridi iko hivi?"

Kwa nini hamkuniambia! Mtu ameimbiwa mara tatu! Mtoto wa mwenzake amekufa hatua chache kutoka alipolala yeye! Kwa nini hamkuniambia!

Panya wakacheka, wakasema aachwe pale pale mlangoni mpaka agande yeye pamoja na umande wake. Hata Punda akapata sauti siku hiyo, akasema, "Aachwe."

Mama Kuku akatoka jikoni. Akamruka Kondoo, akaingia chumba cha kuni, akatoka na kijiti mdomoni. Akaingia tena, akatoka na kingine. Akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto, akarudi nalo kwenye kigae, akapuliza mpaka moto ukashika.

Akamwambia Kondoo, "Sogea uote. Sikuwashii kwa sababu umelia. Nawasha kwa sababu ni baridi. Ndivyo ulivyotakiwa kufanya wewe."

Kondoo akainuka. Akasogea.

Kisha Mama Kuku akamgeukia Punda. "Na wewe, baba. Leo sauti umeipata ya kumwacha mtu afe. Ilikuwa wapi nilipokuwa namwombea mwanangu aishi?" Punda akainamisha masikio, na mpaka leo ukimkuta amesimama peke yake utamwona hivyo hivyo, masikio chini.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na Mzee wa Kuni. Anayetetemeka wa kwanza ndiye anayewasha, hata kama ni mdogo kuliko wote. Kondoo naye hukatwa sufu, asije akasahau. Na Mama Kuku mnamjua. Hata moto uwe unawaka, hata awe ameshiba mtama, hupita jikoni akachakura majivu. Anachakura, anatazama, anachakura. Watu humfukuza, wanasema kuku huyu mchafu. Msimfukuze. Kuna kitu alikiacha pale.

Wanangu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye sufu asipewe kupima baridi ya walio uchi. Mkiulizwa siku moja kama ni wakati wa kuwasha moto, msitoe pua nje. Mtazameni mdogo kuliko wote humo ndani, kama anatetemeka, washeni.

Hadithi yangu naiweka hapa kando ya jiko. Aliyeiona tamu aibebe aende nayo kwao. Iliyemchoma, ajue ni yeye niliyekuwa namsema.

Haya, Anyosisye, ongeza kuni. Usiniulize mimi kama ni baridi. Muulize huyo mdogo wako.