Chini ya Kiti cha Malogo

Kulikuwa na mtu aliyekabidhiwa mashine isiyokuwa yake. Jina lake Malogo, mfugaji, mume wa Nyemo, mtu wa nchi kavu ambako ng'ombe ni wengi kuliko miti. Mashine yenyewe ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, mapana, yenye meno ya kuuma mchanga. Chama cha wafugaji kilimpa aitumie kwa shughuli ndogondogo za siku zote, na kwa kazi moja kubwa: kila msimu wa chanjo, avushe kasha la chanjo kutoka njia panda hadi maboma saba yaliyo ng'ambo ya mbuga. Chanjo ile ilikuwa ya homa ya mapafu, ugonjwa unaomfanya ng'ombe asimame ameinyoosha shingo na kutanua pua, akiitafuta hewa asiipate. Chanjo hiyo hukaa kwenye barafu. Barafu ikiisha njiani, aliyebeba kasha amewapelekea watu maji.

Mbuga ile haina kivuli. Ina vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe, na upepo unaolichukua vumbi hilo kulipeleka unakotaka.

Malogo aliipenda mashine. Kila asubuhi aliiosha kwa sabuni, akaifuta taa, akayapaka magurudumu mafuta hata yakang'aa. Kila kilichoonekana alikijua. Lakini chujio la hewa halionekani. Limewekwa chini ya kiti, na mwenye kutaka kuliangalia hana budi ashuke, afungue kufuli, ainue mahali alipokuwa amekalia. Malogo hakupenda kushuka.

Chujio lile lilikuwa la karatasi, kama lilivyotoka kiwandani, na nadhani waliolitengeneza walikuwa wanafikiria nchi ya mvua. Katika vumbi la mbuga lilijaa ndani ya majuma mawili. Mashine ikaanza kukohoa, na sauti yake ikawa nyembamba. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa la wafugaji. Watu wa nchi ile humpima fahali kwa sikio. Mnunuzi hufumba macho, akamsubiri dume alie, na akisikia sauti nzito ya chini hujua kifua ni kipana. Kwa sikio hilohilo waliipima pikipiki, wakaiita Fahali. Kwa hiyo sauti iliponyongea, Malogo aliona aibu kama mtu ambaye dume lake limeshindwa kulia mbele ya wageni.

Pale njia panda palikuwa na Chitema, ndugu wa ukoo wa Nyemo, aliyebeba mizigo kwa pikipiki yake. Mtu mcheshi, mwenye jibu kwa kila jambo. Akamwambia, "Shemeji, unaliziba pua dume lako. Toa hilo likaratasi, mwache apumue."

Malogo akalitoa.

Na kweli, mashine ililia! Njia panda nzima iligeuka kutazama. Wanaume walioketi na kahawa walitikisa vichwa kwa kuridhika, na watoto wakakimbia nyuma yake. Kwa majuma matatu hapakuwa na mtu mwenye furaha kama Malogo. Linanisikitisha jambo hili kila nikilisimulia: siku ya kwanza ya kuharibika, alijisikia ameongezewa nguvu.

Siku ya chanjo ikafika. Malogo aliingia mbugani akinguruma. Katikati ya mbuga moshi wa samawati ulitoka nyuma, nguvu zikapungua, mlio ukawa kelele ya vyuma, kisha kimya. Alijaribu kuiwasha mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho aliketi chini, kasha mapajani, akausikia ubaridi ukimtoka pole pole kwenye mapaja, hadi kasha likawa vuguvugu kama yeye. Jua lilipoanza kushuka walikuja watu na punda wanne, wakamkokota Fahali kwa kamba mbele ya macho ya wote.

Mwaka ule maboma ya ng'ambo yalizika ng'ombe mia moja na sitini. Miongoni mwao walikuwamo wa mzee Mbeho, baba yake Nyemo, wale ambao Malogo mwenyewe aliwatoa mahari kwa mikono yake miwili, pamoja na ndama wao na wajukuu wao. Nyemo hakumgombeza mumewe. Alimwekea chakula, akakaa mbali naye kidogo kuliko kawaida, na Malogo hakuweza kumeza.

Fundi aliyeifungua injini aliitwa Ngasa, mtu wa maneno machache. Alimwambia Malogo aingize kidole kwenye koo la injini, pale hewa inapopitia. Kidole kilitoka na tope la vumbi na oili. Kisha akamwonyesha pistoni iliyolika na silinda iliyochanika michirizi.

"Hili vumbi halikuvunja mlango, Malogo," alisema. "Ulilifungulia."

Chama kilikaa kikao. Wengi walitaka mashine apewe mtu mwingine, na walikuwa na haki. Baada ya mabishano marefu wakampa msimu mmoja wa mwisho, lakini wakaamua chanjo igawanywe katika makasha mawili: nusu angebeba Malogo, nusu angebeba Chitema. Malogo aliinamisha kichwa. Aliyeitoa ile karatasi ni mkono wake mwenyewe, na hakumtaja mtu.

Ngasa akaijenga injini upya. Kisha akamfundisha Malogo kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Mahali pa karatasi waliweka chujio la sponji, la tabaka mbili: la nje lenye vitundu vikubwa la kupokea vumbi nene, la ndani lenye vitundu vidogo la kunasa lililoponyoka. Wakailowesha sponji kwa mafuta mazito ya kunata, wakaikamua kwa viganja bila kuisokota isichanike. Wakapaka grisi kuzunguka mdomo wa boksi lake, ili pasiwe na upenyo hata wa uzi. Bomba la kuvutia hewa, ambalo awali lilifunguka chini karibu na magurudumu, walilirefusha likapanda hadi chini ya usukani, mahali ambapo vumbi ni haba. Nyemo aliyatazama hayo siku mbili. Siku ya tatu alileta kipande cha chandarua kikuukuu alichokishona mara mbili, chenye uzi wa kukazia, akakivisha juu ya sponji kama kofia. Jioni hiyo alikaa karibu na mumewe, na Malogo akala akashiba.

Toka hapo, kila alasiri Malogo alishuka, akainua kiti, akaitoa sponji, akaifua kwa sabuni, akaianika kivulini, akavisha nyingine. Watu walimcheka. Walisema mke wake amepata mwenzake wa kufua nepi. Na baya kuliko yote, Fahali hakunguruma tena. Alikuwa na sauti ya chini, ya kunong'ona, na wanaume wa kahawa hawakugeuza hata shingo alipopita.

Msimu ulirudi, na homa ya mapafu ikarudi nao. Habari zilisema imeshafika boma la kwanza la ng'ambo. Bwana mifugo alikuwa ametangulia na sindano zake, na Nyemo naye alikuwa ametangulia kwa baba yake. Barafu ingeshika mpaka saa saba mchana, si zaidi. Asubuhi ile upepo ulivuma kwa namna ambayo hata wazee hawakuikumbuka, na mbuga ilikuwa imesimama wima, ukuta mweupe kutoka ardhini mpaka juani.

Chitema aliondoka kwanza kwa mngurumo, chujio hana, na njia panda ikampigia makofi. Malogo akamfuata kwa sauti yake ndogo.

Katikati ya mbuga, karibu na pale alipokokotwa na punda, Malogo alisikia injini inaanza kuwa nzito. Moyo ulimwambia aendelee, maana barafu ilikuwa inayeyuka na kila dakika ilikuwa ng'ombe wa mtu. Akasimama. Akashuka, akapiga magoti vumbini akiupa upepo mgongo, akainua kiti. Chitema, aliyekuwa amepotea njia kidogo katika ule ukungu wa vumbi, akatokea nyuma yake, akapunguza mwendo, akacheka.

"Shemeji, barafu haingojei sala!"

Malogo alivisha sponji safi, akakaza uzi wa kofia ya Nyemo, akajibu bila kuinua uso. "Tangulia, shemeji. Yangu inapumua kidogo, lakini itafika ikiwa inapumua."

Chitema akatangulia. Mngurumo ukasikika kwa muda, kisha upepo peke yake.

Malogo alimkuta mbele, saa moja baadaye. Pikipiki ilikuwa imelala, na Chitema ameketi chini, kasha mapajani. Malogo aliujua mkao ule. Angeweza kufurahi, na wako ambao wangefurahi. Lakini mapaja yake yaliukumbuka ule ubaridi ulivyomtoka mwaka uliopita, na furaha ya namna hiyo haikupata mahali pa kukaa. Alilipokea kasha, akalifunga pamoja na lake, akamwambia Chitema apande nyuma.

Kabla ya boma la kwanza ilibidi wasimame tena. Safari hii Chitema ndiye aliyekishikilia kiti kisipeperushwe. Aliiona sponji ya nje imevimba kwa vumbi kama mkate. Akaona Malogo akipitisha kidole kwenye koo la injini. Kidole kilitoka safi. Chitema alikitazama kidole kile, kisha akampa Malogo sponji safi kwa mkono wake mwenyewe.

Ng'ambo watu walikuwa wametega masikio wasikie mngurumo, na kwa kuwa hawakuusikia, walikata tamaa. Mzee Mbeho alikuwa ameshageuka kuingia ndani ili asiwaone ng'ombe wake. Nyemo peke yake alibaki kwenye miiba ya zizi, na ndiye aliyeona vumbi likipasuka na mashine nyeupe tupu, yenye watu wawili weupe tupu, ikitoka humo kwa sauti ya kunong'ona. Alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu wote majumbani. Bwana mifugo alifungua makasha yote mawili. Ndani ya kila moja palikuwa pamebaki pande la barafu kama ngumi ya mtu.

Walichanja mpaka jua linazama. Maboma saba, ng'ombe mia tisa na zaidi, na wanawake wakiimba, na Chitema akishika mapembe kwa nguvu zake zote kana kwamba ng'ombe wote ni wake. Hata wa boma la kwanza waliokuwa bado wazima walichanjwa, wakanusurika. Msimu ulipokwisha, asubuhi moja madume yalilia, moja baada ya moja, kutoka boma hadi boma, kwa sauti nzito za chini. Mzee Mbeho alifumba macho akasikiliza mpaka la mwisho. Kisha akaenda kwa mkwewe akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote, na Malogo alilia waziwazi bila kuona haya.

Nanyi mliokuja kunisikiliza leo mmevaa vizuri, mmeoga, mmejipaka mafuta, na ambao sauti zenu zinasikika njia panda nzima: mara ya mwisho mlishuka lini, mkainua kiti mnachokalia?