Mashine Iliyowanyamazia Watoto

Sikilizeni, wapendwa, na ninyi wa viti vya nyuma pia. Kulikuwa na mafundi wachache waliotengeneza mfumo wa kompyuta, yaani ile programu kubwa inayoiongoza mashine yote. Waliutoa bure, na walikuwa na desturi moja: usipokubaliana na wenzako, ruksa kuchukua nakala ya kazi yote na kuendelea kivyako. Desturi nzuri hiyo, ila ukiwapa wenye hasira, utajuta.

Wakuu wao wawili wakagombana kuhusu mwelekeo. Mmoja akasema, "Twende na kompyuta mpya." Mwenzake akajibu, "Na shule zenye mashine kuukuu tumwachie nani?" Hawakukaa kulimaliza. Kila mmoja akabeba nakala yake, akaondoka na watu wake.

Sasa, palikuwa na mwalimu wa watoto wasioona. Darasani kwake mfumo huo ndio uliowasomea watoto vitabu kwa sauti. Akaweka toleo jipya la yule wa kwanza, sauti ikakatika, na mtihani wa taifa unabisha hodi. Akampigia simu huyo mkuu wa kwanza.

"Sauti alikuwa anaishughulikia mwenzangu, mwalimu. Muulize yeye."

Akampigia wa pili.

"Sauti ninayo, lakini yule kabadilisha kila kitu inachotegemea. Muulize yeye."

Mama wa watu afanyeje? Akawaita wote wawili darasani. Wakaja wamenuniana, na wa kwanza akauliza, "Kwani mwalimu, wewe uko upande gani?"

"Wa hawa watoto," akasema. "Hawajui kama mmegawanyika. Wanajua mashine imewanyamazia."

Wakaona haya. Wakavuta viti, mmoja akatoa kazi yake, mwingine yake, na kabla ya jioni mashine ikasoma. Ubishi wa mwelekeo haukuisha, ila tangu siku hiyo walibishana wakiwa meza moja.

Naona mnatikisa vichwa kuwasikitikia. Na sisi je? Tangu Pasaka tuna kwaya mbili humu ndani, kila moja na sare yake. Wodi ya wazazi tuliyokuwa tukienda kuimba na kuombea kila Jumapili, nani ameikanyaga? Kila kwaya ilidhani nyingine imekwenda. Inaniuma, na sitaficha.

Wenyeviti wote wawili, baada ya ibada mtabaki hapa mbele. Ya sare tutayazungumza, lakini si leo. Leo saa tisa tunakwenda wodini, kwaya zote mbili, na mimi natangulia.