Bonde Lililosema Lina Kiu

Hapo zamani za kale, wanangu, siku bonde lilipofungua mdomo, walikuwepo hawa: Bibi Tembo, Mzee Nyati, Ngiri mpenda mahindi, na Ndezi, yule panya mkubwa akaaye kwenye matete. Walikuwepo pia watoto watatu wa Ndezi, lakini hao walikuwa bado hawajafumbua macho.

Kabla ya hapo bonde lile lilikuwa kinamasi. Nyati na wenzake wakachimba mfereji, maji yakatoka, wakapanda mahindi. Udongo wake ulikuwa mweusi, wa majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Ulipokauka, moto ukaingia chini kwa chini. Hakuna aliyeuona. Moshi tu ndio uliotoka ardhini, fu, fu, fu, mchana kweupe. Jua likawa jekundu kama jicho linaloumwa. Ndege wakanyamaza.

Ndezi akaenda kwa wakubwa.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Una nini tena?"

"Sakafu ya nyumba yangu imekuwa ya moto. Wanangu watatu wamelala juu yake. Naomba tuuzibe mfereji, maji yarudi."

"Khe khe khe!" Ngiri akacheka. "Tuzamishe mahindi kwa ajili ya vitoto vitatu? Hama, mama!"

"Nihamie wapi? Kila ninapochimba pana moshi."

"Moto gani huo?" Nyati akafoka. "Tazama ninavyouzima!" Akaukanyaga moshi. Du! Mguu ukazama hadi gotini. Akauchomoa unanuka manyoya yaliyoungua. "Ni joto la jua tu," akasema, lakini akarudi nyuma hatua tatu.

Bibi Tembo alipoondoka alizunguka mbali, asije akakanyaga pale watoto walipolala. Ndezi aliliona hilo.

Kesho yake Ndezi akakata matete yaliyosalia kando ya mfereji. Akayatoboa vifundo kwa meno, kru, kru, kru, akayaunganisha, akayafukia. Ncha moja ilikuwa shimoni kwake, ya pili katikati ya shamba la mahindi.

Adhuhuri wakubwa wakaja kupalilia. Upepo ulikuwa umesimama. Hata jani halikutikisika.

"Nyatiii..."

Nyati akageuka. "Nani ananiita?"

"Mimi ninayekubebaaa..."

Sauti ilitoka chini, katikati ya miguu yao, pamoja na moshi. Mkia wa Ngiri ukasimama wima. "Mama yangu wee!"

"Nina kiuuu. Mmenitoa maji yangu. Zibeni mfereji kabla jua halijatua, la sivyo nitawameza, mkubwa kwanza."

"Na sisi tutakula nini?" Ngiri akauliza huku meno yakigongana.

"Niko uchi. Nivikeni mafunjo na matete. Mtasuka mikeka, mtajenga kuta, mtauza, mtakula. Lakini msinikaushe tenaaa..."

Wakakimbilia mferejini. Bibi Tembo akasukuma magogo, puu! Nyati akabeba matope kwa pembe. Ngiri akafukia kwa pua, akilia na kuomba radhi kwa kila bonge la udongo. Mfereji ukaziba.

Maji yakarudi polepole, bila kelele, yakitambaa kati ya mahindi. Yalipogusa moshi yakasema shiii, na moshi ukafa, mmoja baada ya mwingine.

Bibi Tembo akainusa ardhi kwa mkonga wake. Akayafuata matete hadi shimoni. Akamkuta Ndezi na tete mdomoni.

"Kumbe ni wewe, binti!"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe. Niliomba kwa adabu, sikusikiwa."

Maji yalikuwa yamefika mlangoni. Tembo hakugomba. Akawachukua watoto kwa mkonga, mmoja mmoja, kwa upole, akawaweka juu ya kichuguu kikavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nyati asijue. Akijua, ataufukua mfereji."

"Ahsante, bibi."

Tete lilikuwa limelala peke yake majini. Hakuna aliyeliwekea mdomo. Nalo likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeshusha mtungi baada ya kunywa.

"Aaah... ahsanteni."

Bibi Tembo akamtazama Ndezi. "Na hiyo nayo ni yako?"

"Hapana, bibi," Ndezi akanong'ona, akiwakumbatia wanawe. "Hiyo si yangu."

Wanangu, asiyesikia kilio cha mdogo, atakuja kukisikia chini ya miguu yake.

Msimu uliofuata walivuna mafunjo, na mkeka wa kwanza ulisukwa na Ngiri. Ulipinda upande mmoja.