Mgema Aliyebebwa na Jeshi

Hapo zamani, mji wa Mavumoni ulipokuwa bado una sultani wake na boma lake, alikuwako mgema mmoja jina lake Vuai bin Khatibu, hana ng'ombe, hana shamba, hana hata mlango wa kufunga, maana nyumba yake aliifunga kwa jamvi. Mali yake yote ilikuwa mnazi mmoja. Mama yake aliupanda pale Bungoni siku aliyomzaa, na chini ya shina lake ndipo kilipozikwa kitovu chake. Kwa mnazi huo Vuai alikula, akavaa, akaoa.

Na desturi ya mji ule ilikuwa hivi: ardhi yote ni ya Sultani, lakini mti ni wa aliyeupanda, na baada yake ni wa watoto wake. Basi mtu aliweza kukosa hata mahali pa kuweka kiti, naye akawa na minazi tele, na hakuna aliyeona ajabu.

Sultani Hamadi bin Ngwali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kuuliza tu. Alichokipenda duniani ni mkate wa asubuhi uliokandwa kwa tembo tamu, lile jipya ambalo halijachacha, na tembo hilo lilitoka katika mnazi wa Vuai, kwa kuwa mpishi alikwisha kujaribu mengine yote ya mji na mkate ukalala chini kama ukoko.

Ikawa mwaka mmoja Jemadari Tamimu, mkuu wa jeshi, alikuja barazani asubuhi akaomba mahali pa kupiga kambi, pawe tambarare, pawe na maji, pawe karibu na njia. Sultani alikuwa akitafuna. Akasema, "Chukua Bungoni," akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine. Jemadari hakuuliza Bungoni kuna nini, na Sultani hakukumbuka. Askari wakaenda, wakazungusha ua wa miba, wakasimamisha bendera katikati ya minazi ya watu.

Wenye minazi wakaenda kwa kadhi. Kadhi akahukumu kwamba Jemadari amepewa ardhi, hakupewa miti, na kila mti ubaki kwa mwenyewe. Jemadari aliposikia hayo alirudi kwa Sultani na amri ameiandika tayari: mtu yeyote asiye askari asitie mguu wake juu ya ardhi ya kambi. Sultani akaipiga muhuri, kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Basi ikawa watu wana minazi, wana hukumu ya kadhi pia, ila hawana njia ya kuifikia.

Vuai alifika langoni na kibuyu chake na kotama, kile kisu chake cha kugemea, akarudishwa. Kesho yake mkate wa Sultani ulilala. Keshokutwa ukalala tena. Siku ya tatu Vuai akaitwa barazani.

Akapiga magoti, akaeleza habari yote tangu mwanzo. Sultani alimsikiliza uso umekunjamana, maana aliona wazi kwamba kosa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomkasirisha. Kufuta amri yenye muhuri wake mbele ya baraza zima hakukubali. Akasema, "Sikiliza, mgema. Neno langu halirudi nyuma. Mkate wangu nautaka, na mguu wako kambini siutaki. Nasikia mjini unasifiwa kwa ujanja. Fanya ujanja."

"Maulana, na nikishindwa?"

"Mkate ukilala tena, mnazi ule nitampa Jemadari aukate uwe mlingoti wa bendera. Wa sasa naambiwa ni mfupi."

Watu wa baraza wakacheka. Vuai akainama, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na moyoni mwake aliuona mnazi wa mama yake umelala chini umechongwa. Lakini alipofika njiani alianza kutembea polepole, kisha akasimama, akaitazama miguu yake miwili kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

Kulipopambazuka alikuwa langoni pa kambi. Hakuomba kuingia. Alimwomba mlinzi amwitie Jemadari, na Jemadari akaja, amevaa nusu.

"Bwana Jemadari," akasema Vuai, "nina amri mbili za Sultani, na zote mbili lazima zitimie. Ya kwanza, tembo la mnazi wangu lifike jikoni kwake asubuhi hii. Hiyo ni kazi yangu na niko tayari. Ya pili, mguu wangu usikanyage ardhi ya kambi. Hiyo siwezi mimi, maana sina mabawa. Ardhi hii mlinzi wake ni wewe. Ukiniacha niingie kwa miguu, umevunja amri ya pili. Ukinizuia, umevunja ya kwanza, na mimi nitaulizwa ni nani aliyelaza mkate."

Jemadari alimtazama sana. Alikuwa amepigana vita vingi na hakuogopa adui, lakini alipata kumwona Sultani akiwa na njaa. Akauliza, kwa sauti ndogo, anataka nini.

"Sitaki kitu, bwana. Nimesimama tu hapa nje. Mguu wangu ninao mimi, ardhi unayo wewe. Namna ya kuvitenga unaijua wewe."

Basi wakaitwa askari wawili wenye mabega mapana, Vuai akakaa juu yao, akapitishwa kambini katikati ya jeshi lililokuwa likinawa uso. Walipofika chini ya mnazi alishika shina kutoka mabegani kwao, akapanda, akateka tembo, akashuka mabegani mwao tena, akatolewa nje. Mkate wa asubuhi ile uliumuka mpaka ukasukuma kifuniko.

Jemadari akashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Adhuhuri akaambiwa Vuai yuko langoni. Mnazi wa kugemwa hautaki mgema wa mara moja. Ncha ya karara, lile chipukizi la maua linalotoa tembo, hukatwa tena mchana na tena jioni, la sivyo tembo hukauka na mkate wa kesho hulala. Jemadari alieleza kwamba mchana askari wana mazoezi. Vuai akajibu kwamba hana haraka, atangoja hapo hapo nje, na Sultani akiuliza atamwambia kweli tupu kwamba jeshi lilikuwa na shughuli. Akabebwa.

Habari hizo zilimfikia Bi Mize, shangazi yake Vuai, mwanamke mnene mwenye minazi mingi kuliko mtu yeyote pale Bungoni na ulimi wa kuitetea yote. Akaja langoni na kiti chake. Alimwambia Jemadari na walinzi wake kwamba hukumu ya kadhi haikumtaja mgema peke yake, na kwamba nazi zake zinadondoka na kuota huko ndani, na kama mpwa wake anabebwa, yeye aliyembeba mpwa huyo mgongoni akiwa mtoto hawezi kuachwa nje. Jemadari akaita askari wawili. Bi Mize alihitaji askari wanne.

"Inua bega la kushoto, mwanangu, unanimwaga," akawa anamwambia mmoja wao. "Mama yako hakukulisha? Haya, nenda kwa ule mnazi wa pili. Siyo huo, huo wa Mwalimu Faki, tutagombana bure."

Baada ya hapo wakaja wote. Akaja Mwalimu Faki, wakaja wajane, wakaja ndugu waliogombania mnazi mmoja na kila mmoja akataka kubebwa peke yake. Mpiga baragumu alipopiga baragumu ya kukusanya jeshi, nusu ya jeshi ilikuwa na watu mabegani na nusu nyingine ilikuwa inaokota nazi, kwa kuwa mtu aliyebebwa hawezi kuinama. Askari waliokuwa hodari wa mkuki wakawa hodari wa kufua nazi. Vuai, akiwa kileleni, aliwaona wote kwa chini, akawa anawaelekeza kwa upole nani apite wapi, ili wasigongane.

Jemadari hakusema neno kwa Sultani. Angeanzaje? Kila alipoitwa barazani na kuulizwa habari za kambi, alijibu kwamba jeshi lina kazi nyingi.

Sultani akapendezwa na jibu hilo. Ikawa mjumbe wa sultani jirani alikuja Mavumoni, na Sultani Hamadi akataka kumwonyesha nguvu zake, basi akampeleka Bungoni asubuhi kutazama gwaride, bila kumwambia mtu. Walipofika langoni Sultani akashuka kutoka juu ya punda wake, akainua mguu wa kuume aingie.

"Maulana, subiri," ikasema sauti kutoka juu.

Alikuwa Vuai, mabegani mwa askari wake wawili, anatoka na kibuyu kilichojaa. Akaomba radhi kwanza kwa kuwa juu kuliko Sultani, akasema si kwa kupenda kwake. Kisha akasema, "Amri yenye muhuri wako inasema asiye askari asitie mguu ardhi ya kambi."

"Mimi ni Sultani."

"Ndivyo, Maulana. Na neno lako halirudi nyuma."

Mguu wa Sultani ukabaki hewani. Aliushusha nyuma, upande wa njia, polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Akaagiza aletewe watu wa kumbeba yeye pia. Mlinzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na bega tupu kambi nzima. Ndipo Bi Mize, ambaye alikuwa karibu na ua na ameligeuzia lango mgongo, akasema bila kugeuka, "Huyo anayetaka kubebwa angoje zamu yake. Sisi tuko hapa tangu alfajiri."

Mjumbe wa sultani jirani akaziba mdomo kwa kilemba, na mabega yake yakawa yanatikisika. Jemadari Tamimu akaja mbio, na kwa mara ya kwanza tangu kambi ipigwe, yeye na Sultani wakasimama mahali pamoja wakaitazama ardhi moja.

"Tamimu," akasema Sultani, "nani alikupa ardhi yenye miti ya watu?"

"Wewe, Maulana."

"Na wewe hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, Maulana. Ni ardhi yako."

Sultani alimtazama Bi Mize akielea kati ya minazi kama malkia, akamtazama askari aliyekumbatia nazi, akatazama mguu wake mwenyewe. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, akashika nguzo ya lango asianguke. Na alipocheka yeye, wakacheka wote, isipokuwa wale wanne waliombeba Bi Mize, ambao hawakuwa na pumzi.

Alipotulia akamwuliza Vuai atafanyaje, maana muhuri wake hataufuta.

"Usiufute, Maulana. Amri ni ya ardhi ya kambi. Kule Maweni ni mawe matupu, hakuna aliyepanda kitu. Kambi ikihamia Maweni, amri itaifuata yenyewe, na neno lako litakuwa limekwenda mbele."

Sultani akamgeukia Jemadari, akamwuliza kama Maweni panamfaa. Jemadari akajibu kwamba maji ni ya mbali, ila panamfaa kuliko mahali popote duniani. Wakakubaliana waende pamoja kupatazama kabla ya kupiga kambi, wote wawili, kwa miguu.

"Nawe, mgema, omba utakalo," akasema Sultani.

"Naomba kushuka, Maulana."

Bendera ikang'olewa hapo hapo. Ilipopita tu langoni na kutoka nje, Bungoni haikuwa kambi tena; na Vuai akateremka mabegani mwa askari wakati ule ule Sultani alipoingiza mguu wake, wakawa wamekanyaga pamoja. Vuai akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shina la mnazi wa mama yake, akasimama hapo pekupeku, akiuchezesha mchanga kwa vidole.

Bi Mize aliambiwa ashuke, akakataa. Akasema nyumba yake iko njia ile ile ya kwenda Maweni, na jeshi si linahama? Basi jeshi likamfikisha mpaka kizingitini, na hapo ndipo alipowapa ruhusa ya kwenda zao.